Swali: Nyonga inawezaje kubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili wenyewe?

Mwanagenzi wa Viungo ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fiziotherapia, na kwa sasa tunasoma kiungo cha nyonga. Majina ya mifupa na misuli nimeyakariri bila taabu kubwa, lakini upande wa nguvu na wenzo umenishinda, na kadiri ninavyosoma peke yangu ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Naomba wenye ujuzi mnisaidie katika mambo matatu.

La kwanza ni hili. Tuseme mtu ana kilo 60. Akisimama kwa miguu yote miwili, natarajia kila nyonga ibebe nusu ya mzigo. Akisimama kwa mguu mmoja, natarajia nyonga ya mguu huo ibebe kilo 60, au pungufu kidogo, kwa kuwa mguu aliosimamia uko chini ya kiungo na hauwezi kukilemea. Hata hivyo, kitabu chetu cha darasani kinasema kwamba nyonga hiyo hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili, yaani kilo 150. Mtu hajabeba kitu chochote mkononi wala hajaruka, amesimama tu. Kilo 90 za ziada zimetoka wapi?

La pili linahusu mkongojo. Mwalimu wetu alisema kwamba mgonjwa mwenye maumivu ya nyonga ya kulia aushike mkongojo kwa mkono wa kushoto, akaendelea na somo bila kueleza sababu. Shangazi yangu aliugua nyonga kwa miaka mingi, naye aliushika upande ule ule wa maumivu, akisisitiza kwamba ndiko anakopata nafuu. Sipendi kuamini kwamba alikuwa anajidanganya miaka yote hiyo.

La tatu: kwa nini fupa la paja lina shingo inayokwenda upande, ilhali nguzo iliyonyooka hubeba mzigo vizuri kuliko iliyopinda? Wazee wengi huvunjika hapo hapo shingoni. Inaonekana kama mahali dhaifu pasipo na ulazima.

Mwalimu wa Mazoezi Tiba amejibu:

Ndugu mwanagenzi, umeuliza vizuri, na umeshika jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita kwa kukariri tarakimu. Nitaanza na swali la kwanza, kwa sababu ukilielewa hilo, la mkongojo utalijibu mwenyewe.

Kosa la hesabu yako ni kuiona nyonga kama kigingi kilichotwishwa mzigo juu yake sawasawa. Uzito wa mwili haukai juu ya nyonga. Unaposimama kwa mguu wa kulia, kitovu cha uzito wa sehemu iliyobaki ya mwili, yaani kichwa, kiwiliwili, mikono na mguu wa kushoto unaoning'inia, kiko karibu na mstari wa katikati ya mwili, kando ya nyonga ya kulia. Kwa hiyo uzito huo haushuki tu, bali unataka kuizungusha fupanyonga, yaani mfupa mpana wa kiunoni unaobeba kiwiliwili, iangukie upande wa kushoto, mahali ambapo hakuna mguu wa kuipokea. Lazima kitu kiivute upande wa pili ili ibaki sawa, na kitu hicho ni msuli wa kati wa tako ukisaidiana na msuli mdogo wa tako. Misuli hiyo huanzia kwenye uso wa nje wa mfupa wa nyonga na kushikilia nundu kubwa ya fupa la paja, ile unayoigusa ubavuni mwa paja sehemu ya juu.

Sasa tupige hesabu kwa mtu wako wa kilo 60. (Mwalimu wa fizikia angetaka tutumie nyutoni, kipimo cha nguvu, na angekuwa na haki, natumia kilo kwa sababu ndizo tunazozihisi mwilini.) Mguu mmoja ni takriban sehemu moja ya sita ya mwili, yaani kilo 10, kwa hiyo mzigo ulio juu ya kiungo ni kilo 50. Tuchukulie kwamba kitovu cha mzigo huo kiko sentimita 10 kutoka katikati ya kichwa cha fupa la paja, na kwamba misuli inavuta kwenye mstari ulio sentimita 5 tu kutoka hapo, upande wa nje. Egemeo ni kichwa cha fupa la paja. Mzigo una mkono wa wenzo, yaani umbali kutoka kwenye egemeo, ulio mrefu maradufu ya ule wa misuli, kwa hiyo misuli inalazimika kuvuta kwa kilo 100 ili kuzizuia kilo 50. Egemeo nalo linabeba yote mawili: kilo 50 za mzigo na kilo 100 za mvuto wa misuli, kwa kuwa zote zinasukuma chini. Jumla ni kilo 150. Hizo ndizo kilo zako zilizopotea. Zimetoka kwenye misuli yako mwenyewe.

Vipimo vya sentimita hutofautiana kati ya mtu na mtu, na misuli haivuti wima kabisa bali kwa mshazari, kwa hiyo hesabu kamili hutoa jibu lililo tofauti kidogo. Lakini si nadharia tupu. Mtafiti Georg Bergmann na wenzake mjini Berlin waliweka vipima nguvu ndani ya viungo bandia vya nyonga vya wagonjwa wenyewe, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2001 walikuta kwamba kutembea kwa mwendo wa kawaida kunaipa nyonga wastani wa asilimia 238 ya uzito wa mwili, kupanda ngazi asilimia 251 na kushuka ngazi asilimia 260. Katika vipimo vyao vya awali, mgonjwa alipojikwaa bila kutarajia, nguvu ilipanda hadi zaidi ya mara saba ya uzito wake, kwa sababu misuli yote ilikaza kwa pamoja ili kumwokoa asianguke. Mimi kila nikikumbuka tarakimu hiyo, huwa nauliza kuhusu zulia lililokunjamana na taa ya usiku ya mgonjwa kabla hata sijampangia zoezi la kwanza.

Kuhusu kusimama kwa miguu miwili: hesabu tupu inaipa kila nyonga theluthi moja ya uzito wa mwili, kwa kuwa miguu yote miwili iko chini ya viungo na kinachobaki juu ni theluthi mbili. Vipimo halisi huwa juu ya hapo, kwa kuwa misuli haikai kimya hata mtu akiwa ametulia.

Fanya jaribio hili ukiwa umesimama sasa hivi. Weka kidole gumba kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga ya kulia, na vidole vingine uvielekeze chini kwenye ile nundu ya paja. Nyama iliyo chini ya kiganja chako ni laini. Sasa inua unyayo wa kushoto kidogo tu kutoka sakafuni. Utahisi nyama hiyo ikiwa ngumu papo hapo, hata kabla unyayo haujainuka vya kutosha kuonekana. Huo ndio mvuto wa kilo 100 tuliouhesabu.

Misuli hiyo ikidhoofika, au mshipa wa fahamu unaoihudumia ukijeruhiwa, fupanyonga hushuka upande wa mguu ulioinuliwa. Daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza dalili hiyo mwaka 1895, na mpaka leo tunaitafuta kwa kumwambia mgonjwa asimame kwa mguu mmoja huku tukimtazama kwa nyuma. Angalia vizuri: upande unaoshuka ni ule wa mguu usio na shida, na udhaifu uko upande wa mguu aliosimamia. Wanafunzi hukosea hapo kila mwaka.

Fundi Mifupa amejibu:

Mwalimu ameyamaliza ya misuli, nami nitajibu swali la tatu, kwa kuwa nafanya kazi kwenye chumba cha upasuaji wa mifupa na shingo hiyo naiona karibu kila wiki.

Ndugu mwanagenzi, shingo ya fupa la paja haikuwekwa kwa ajili ya kubeba mzigo kwa urahisi. Imewekwa ili kuiweka mbali ile nundu ambayo misuli ya tako inaishikilia. Rudia hesabu ya mwalimu, lakini safari hii uondoe shingo, uchukulie kwamba fupa limenyooka kama unavyotaka na misuli inavuta sentimita 2 tu kutoka katikati ya kiungo. Kuzizuia kilo 50 zilizo umbali wa sentimita 10 kutahitaji kilo 250 za mvuto, na kiungo kitabeba kilo 300. Gegedu, yaani tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haliwezi kustahimili hivyo kwa kila hatua maisha yote. Pia mfupa ulionyooka ungegonga mapema ukingo wa kikombe, yaani shimo la fupanyonga linalopokea kichwa cha fupa la paja, na usingeweza kukunja paja wala kulipanua kama unavyofanya.

Pembe kati ya shingo na mwili wa fupa kwa mtu mzima ni takriban nyuzi 125. Mtoto mchanga huwa na pembe pana zaidi, karibu nyuzi 150, nayo hupungua kadiri anavyosimama na kutembea, kwa kuwa mfupa unaokua hujiunda kufuata mizigo inayoupitia. Kuna mabadilishano hapo ambayo lazima uyaelewe. Pembe ikiwa ndogo kupita kawaida, nundu husogea nje zaidi, misuli hupata wenzo mrefu na kiungo hubeba mzigo mdogo; lakini shingo imelala zaidi, kwa hiyo nguvu ya kuipinda ni kubwa na hatari ya kuvunjika huongezeka. Pembe ikiwa kubwa kupita kawaida, shingo imesimama na haipindwi sana, lakini wenzo wa misuli umefupika na kiungo kinaumia. Hakuna pembe iliyo bora kwa kila kitu, na nyuzi 125 ni mahali ambapo hasara zote mbili zinavumilika.

Ukipata nafasi ya kuona fupa la paja lililokatwa katikati kwa urefu, sehemu ya juu, litazame kwa makini. Ndani si mfupa mgumu mtupu. Kuna vijiti vyembamba vya mfupa vilivyopangwa kwa safu zinazopinda. Safu moja inatoka kwenye kichwa na kushuka hadi upande wa ndani wa shingo, ikifuata njia ya mgandamizo. Nyingine inatoka upande wa nje, chini ya nundu, ikapinda juu ya shingo kama upinde hadi kwenye kichwa, ikifuata njia ya mvutano. Miaka ya 1860 mwanaanatomia Hermann von Meyer na mhandisi Karl Culmann walilinganisha safu hizo na mistari ya nguvu ndani ya winchi ya kupakulia mizigo iliyopinda juu, wakaona zinafanana, na mwaka 1892 daktari Julius Wolff akatoa kanuni yake kwamba mfupa hujipanga kulingana na kazi unayofanyishwa. Wataalamu wa baadaye wameikosoa sehemu ya hisabati ya ulinganisho ule, lakini kiini cha jambo kimesimama.

Kati ya safu hizo panabaki pembetatu ndogo isiyo na vijiti vingi. Mifupa inapopoteza madini uzeeni, safu za mvutano huwa miongoni mwa zile zinazopotea kwanza, na ndiyo sababu mtu wa miaka 80 anaweza kuvunjika shingo ya fupa kwa kuanguka kutoka kwenye kimo chake mwenyewe.

Uliuliza kama ni mahali dhaifu. Kwa mzigo wa kawaida wa kutembea si dhaifu hata kidogo. Udhaifu wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni wa damu. Mishipa inayolisha kichwa cha fupa hupanda kutoka chini, ikiambatana na shingo, ndani ya mfuko wa kiungo. Shingo ikivunjika na vipande vikahama, mishipa hiyo huchanika, na kichwa kinaweza kufa taratibu hata kama tumekiunganisha kwa skrubu vizuri kabisa. Kuna mshipa mwingine mdogo unaopita ndani ya ligamenti fupi, yaani utepe mgumu unaounganisha kichwa na kikombe, lakini kwa mtu mzima hautoshi kukilisha peke yake. Kwa hiyo mzee aliyevunjika shingo na vipande vikahama, mara nyingi tunamwekea kiungo bandia badala ya kujaribu kuunga.

Mwanagenzi wa Viungo amejibu:

Nawashukuru sana. Jaribio la kiganja nimelifanya mara kumi, na kweli nyama inakaza kabla mguu haujaondoka sakafuni. Nimejaribu pia kuhesabu mkongojo mwenyewe. Mgonjwa ana maumivu ya nyonga ya kulia, mkongojo uko mkono wa kushoto, sentimita 35 kutoka kwenye nyonga ya kulia, naye anaukandamiza kwa kilo 8. Mzigo wa mwili unazungusha kwa 50 mara 10, yaani 500. Mkongojo unapinga kwa 8 mara 35, yaani 280. Inabaki 220 kwa misuli, na kwa wenzo wa sentimita 5 ni kilo 44. Kiungo kinabeba 50 kuongeza 44 kutoa 8, sawa na kilo 86. Je, ni sahihi kwamba kilo 8 tu za mkono zinapunguza mzigo wa nyonga kutoka kilo 150 hadi 86? Inaonekana kubwa mno. Na shangazi yangu je?

Mwalimu wa Mazoezi Tiba amejibu:

Hesabu ni sahihi, na usiogope ukubwa wake. Mkono wa kushoto uko mbali na nyonga ya kulia, na umbali huo ndio utajiri wa mkongojo. Katika maisha halisi nafuu huwa pungufu ya hapo, kwa kuwa mgonjwa hakandamizi kwa nguvu ile ile katika kila hatua, wala misuli yake hailegei yote, lakini mwelekeo ni huo huo.

Kuhusu shangazi yako, hakuwa anajidanganya. Mkongojo ukishikwa upande wa maumivu huku mwili ukiwa umesimama wima, unasukuma fupanyonga juu kutoka upande wa nje wa kiungo, na msukumo huo unaizungusha upande ule ule ambao uzito wa mwili unaizungusha, kwa hiyo misuli haipati msaada wowote. Lakini watu wa namna hiyo hawasimami wima. Huuinamia mkongojo, kiwiliwili kizima kikahamia juu ya nyonga inayouma, na umbali wa sentimita 10 ukawa labda 4 au 3. Mzigo ukisogea karibu na egemeo, misuli haihitaji kuvuta sana, na maumivu hupungua kweli. Gharama yake ni mwendo wa kuyumba, mgongo unaopinda upande kwa kila hatua, na mkono unaobeba mzigo mkubwa zaidi. Mgonjwa asiye na mkongojo kabisa huinamia upande huo huo kwa sababu hiyo hiyo. Mwili unaijua hesabu hii bila kufundishwa. Kazi yetu ni kuupa njia ya kupata nafuu ile ile bila kuulipisha mgongo.

Kuna jambo moja wanafunzi hulikataa hadi walihesabu. Mgonjwa huyo huyo anakwenda na mfuko wa kilo 10. Aubebe mkono gani? Wengi husema aubebe upande usiouma ili kuipumzisha nyonga inayouma. Kokotoa: mfuko mkono wa kushoto, sentimita 35 kutoka nyonga ya kulia, unaongeza 350 juu ya 500, misuli inavuta kilo 170, na kiungo kinabeba 170 na 60, yaani kilo 230. Mfuko huo ukishikwa mkono wa kulia, upande wa maumivu, sentimita 15 nje ya kiungo, unapunguza 150 kutoka kwenye 500, misuli inavuta kilo 70, na kiungo kinabeba kilo 130. Hizo ni pungufu hata ya zile 150 za kusimama mikono mitupu. Mfuko uliobebwa upande unaouma umekuwa jiwe la mizani. Simshauri mgonjwa abebe mifuko kama dawa, lakini akilazimika, mfuko na mkongojo vinakwenda pande tofauti.

Mtembezi amejibu:

Mimi si mtaalamu wa afya. Nilibadilishiwa nyonga ya kushoto, na nimesoma mjadala huu kwa hamu kubwa kwa sababu kwa mara ya kwanza nimeelewa nilichokuwa nikiambiwa na tabibu wangu kuhusu mkongojo.

Naomba niongeze jambo ambalo nadhani wanafunzi walisikie kutoka kwa mgonjwa. Maumivu yangu hayakuanzia nyongani, bali gotini. Kwa miezi kadhaa nilipakwa dawa goti, nikapigwa picha za eksirei za goti, nikafungwa bandeji, na kila picha ilirudi ikiwa safi. Hakuna aliyenilaza kitandani akalizungusha paja langu. Siku mtaalamu mmoja alipolikunja goti langu kuelekea kifuani na kuusukuma unyayo wangu nje, ili paja lijizungushe ndani, nilipiga kelele. Maumivu yalitokea ndani kabisa ya kinena. Picha ya nyonga ilionyesha kwamba nafasi kati ya kichwa na kikombe imekwisha.

Nilikuwa nikisema "nyonga" nikigusa ubavu wa paja na tako, kama watu wote. Sikujua kwamba kiungo chenyewe kiko mbele zaidi na ndani zaidi kuliko mahali ninapopagusa. Swali langu: kwa nini goti liumie wakati ugonjwa uko nyongani?

Fundi Mifupa amejibu:

Pole sana, ndugu Mtembezi, na ahsante kwa kulisema hili. Sababu ni kwamba mishipa ya fahamu inayopeleka matawi kwenye kiungo cha nyonga, hasa ule wa mbele ya paja na ule wa upande wa ndani wa paja, hupeleka matawi pia kwenye goti. Ubongo hupokea taarifa kupitia njia moja na hukosea anwani. Kwa mtoto au kijana anayechechemea na kulalamikia goti, kusahau kuipima nyonga ni kosa zito, kwa kuwa huenda kichwa cha fupa kinateleza kutoka kwenye shingo yake mahali pa ukuaji, na kila siku inayopita huongeza madhara.

Kuhusu mahali kilipo kiungo: weka kidole katikati ya mkunjo wa kinena, pale unaposikia mapigo ya mshipa mkubwa wa damu. Kichwa cha fupa la paja kiko nyuma yake, kimefunikwa na msuli na mfuko wa kiungo. Ubavuni unagusa nundu tu, na maumivu ya hapo mara nyingi ni ya kano za misuli ya tako.

Kwa kuwa mwanagenzi ataulizwa kwenye mtihani kuhusu uthabiti wa kiungo hiki, nitaje jambo moja ambalo hunivutia kila ninapolikumbuka. Kichwa cha fupa la paja ni kama theluthi mbili za tufe, na kikombe chake huongezwa kina na pete ya gegedu lenye nyuzi ngumu inayouzunguka ukingo na kukibana kichwa. Ndugu wawili wa Kijerumani, Wilhelm na Eduard Weber, walichapisha mwaka 1836 jaribio walilofanya kwa maiti. Walikata misuli yote inayozunguka nyonga, wakakata na mfuko wa kiungo kuuzunguka wote, na mguu ukabaki unaning'inia bila kuanguka. Kisha wakatoboa tundu kwenye sakafu ya kikombe kutokea ndani ya fupanyonga. Hewa ikaingia, na mguu ukashuka. Shinikizo la hewa peke yake lilikuwa limeushikilia. Nami nikiwa kwenye upasuaji, kichwa kinapotolewa kwenye kikombe, huisikia sauti ya kufyonza wakati pete ile inapoachia.

Pete hiyo pia huuzuia ute wa kiungo usikimbie mzigo unapoingia, hivyo sehemu ya mzigo inabebwa na umajimaji badala ya gegedu kusugua gegedu. Ikichanika, kizuizi hicho hupungua.

Mfuko wa kiungo nao umeimarishwa na ligamenti tatu, na ile ya mbele, yenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, huhesabiwa kuwa ligamenti yenye nguvu kuliko zote mwilini. Zote tatu zimejisokota kulizunguka shingo, kwa hiyo paja likienda nyuma zinakaza kama kamba inayokamuliwa, na paja likikunjwa mbele zinalegea. Ndiyo maana paja huenda mbele nyuzi 120 goti likiwa limekunjwa, lakini nyuma halifiki mbali, nyuzi 20 hivi. Na ndiyo maana abiria aliyeketi, paja likiwa limekunjwa na ligamenti zimelegea, goti lake likigonga dashibodi ya gari kwa nguvu, kichwa cha fupa husukumwa nje kwa nyuma. Hiyo ni dharura ya saa chache, kwa sababu ya damu niliyoieleza juu na kwa sababu mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unapita hapo hapo nyuma.

Mwanagenzi wa Viungo amejibu:

Ndugu Mtembezi, kisa chako nimekiandika kwenye daftari langu la mazoezi ya vitendo. Nina swali moja la mwisho kwa Fundi. Kama wenzo ndio kila kitu, je, mnapoweka kiungo bandia mnaweza kuubadilisha wenzo huo kwa makusudi?

Fundi Mifupa amejibu:

Ndiyo, na aliyelifanya jambo hilo kuwa msingi wa upasuaji wake ni John Charnley wa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikisogeza kikombe ndani, karibu zaidi na mstari wa katikati ya mwili, ili kuufupisha mkono wa mzigo, na akaipachika upya ile nundu nje zaidi ili kuurefusha mkono wa misuli. Pia alichagua kichwa kidogo sana, cha takriban milimita 22, wakati kile cha asili kina karibu milimita 45 hadi 50, kwa kuwa msuguano ule ule ukitenda kwenye nusukipenyo kifupi huzungusha kikombe kwa nguvu ndogo na hivyo hukilegeza polepole. Hasara yake ni kwamba kichwa kidogo huchomoka kwa urahisi zaidi kuliko kikubwa. Siku hizi plastiki na kauri zimekuwa bora, na vichwa vimeongezwa ukubwa. Kukisogeza kikombe ndani mno nako kumeachwa, kwa sababu kunakula mfupa ambao utahitajika kiungo kikija kubadilishwa tena.

Tunachopima leo kabla ya kukata, kwenye picha ya eksirei, ni umbali wa mlalo kati ya kitovu cha kichwa na mhimili wa fupa la paja. Tukiurudisha pungufu, misuli ya tako inalegea na mgonjwa anatembea akiyumba hata kama jeraha limepona vizuri. Tukiuzidisha, misuli inavutwa kupita kiasi na nundu inauma usiku akilalia upande huo. Milimita chache tu zinatosha kuleta tofauti. Ndugu Mtembezi, kama unatembea bila kuyumba, basi aliyekupasua alizipima.

Mtembezi amejibu:

Natembea bila kuyumba. Leo nimejitazama kwenye kioo nikiwa nimesimama kwa mguu wa kushoto, na mkanda wangu umebaki sawa pande zote mbili.